Mbwa Asiyeweza Kuachwa Peke Yake: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Likizo ya Desemba imekwisha. Watoto wamerudi bweni, baba na mama wako kazini, dada ameenda sokoni. Mbwa aliyezoea vurugu za nyumba nzima amebaki na kuta. Jioni mnakuta mlango umekwaruzwa, godoro limeraruliwa, mkojo umetapakaa sebuleni, na jirani keshalalamika kwa mwenye nyumba. Kabla hamjashika fimbo, someni. Masharti haya ni ya kila anayelala humo ndani, bibi na watoto wakiwemo.

MSIMPIGE kwa kosa la asubuhi. Sharti hili ndilo linalovunjwa kuliko yote. Mbwa hawezi kuihusisha kandambili anayorushiwa saa kumi na moja jioni na godoro alilorarua saa mbili asubuhi. Anachojifunza ni kwamba mkirudi anapigwa, basi kesho anaogopa kuachwa na anaogopa kukutwa pia. Mtasema anajua kosa lake, mbona anainamisha kichwa na kukunja mkia? Hajui. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilijaribu jambo hilo, akaona kwamba sura ile ya mkosaji hutokea mwenye mbwa anapogomba, hata kama mbwa hakugusa kitu. Na msiseme anawakomoa. Kukomoa ni tabia yetu sisi.

CHUNGUZENI kwanza. Acheni simu ikirekodi video mnapotoka. Mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza: anahema, anadondosha mate, anazunguka, analia, na hasira za meno yake huishia mlangoni na madirishani, pale mlipotokea. Aliyelala kwa saa tatu kisha akaamka kutafuna kiatu amechoka tu kukaa bure, mpeni matembezi. Mtoto wa mbwa wa miezi mitano anabadilisha meno. Anayekojoa ndani hata mkiwepo aonwe na daktari wa mifugo.

MSIMFUNGIE kibandani wala mnyororoni ili eti atulie. Mbwa aliyeshikwa na kiwewe huvunja meno kwenye nondo na kung'oa kucha. Najua wengi hufungia mbwa mchana kutwa awe mkali usiku. Wanachofuga hapo ni woga, na mbwa mwoga humng'ata hata mtoto wa nyumbani.

MFUNDISHENI kuachwa. Hapa ndipo penye kazi. Shikeni funguo, vaeni viatu, kisha kaeni chini; rudieni mpaka mlio wa funguo usimshtue tena. Baada ya hapo tokeni kwa sekunde chache tu, mrudi kabla hajaanza kulia. Ongezeni kidogo kidogo: nusu dakika, dakika, dakika tatu. Akilia, mmeharakisha, rudini nyuma. Ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi, na mtu mmoja akimwacha kwa saa sita katikati ya mafunzo amebomoa walichojenga wenzake. Kwa hiyo kipindi hicho pangeni zamu, au mpelekeni kwa jirani aliyemzoea.

MWACHIENI kitu cha kutafuna mnapotoka. Asipokigusa mpaka mrudi, jueni hofu imeshinda njaa. Mifupa iliyopikwa, hapana: hupasuka vipande vikali.

MSINUNUE mbwa wa pili kama dawa. Huyu mliye naye anamlilia mtu. Mtajikuta na wawili wa kulisha, na kelele mara mbili.

MSIMPE vidonge vyenu. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua. Dawa za hofu hii zipo, kama fluoxetine na clomipramine, lakini daktari wa mifugo ndiye anayeamua nani apewe na kiasi gani, na hazifanyi kazi ya maana bila mafunzo.

MSIMTELEKEZE sokoni wala kando ya barabara kuu usiku. Kama kweli hakuna hata mmoja wenu mwenye nafasi, mtafutieni nyumba yenye mtu anayeshinda nyumbani, na mwambieni huyo mtu habari ya mlango na godoro kabla hajamchukua.