KIMYA CHA MTOTO WA KULELEWA

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ndugu msomaji, chama chetu kiliniomba niandike somo juu ya afya ya akili ya vijana. Nimechagua vijana ninaowajua, yaani wale wa jamii ndogo wanaolelewa na watu wasio wa damu yao. Mimi ni mmoja wao. Walimu wachache wanajua. Wengine watajua leo.

Kwanza neno lenyewe. Serikali huyaita "malezi ya kambo", na chamani tulibishana sana juu ya jina hilo, maana mama wa kambo katika hadithi zetu ndiye anayemnyima mtoto chakula. Yule ni mke wa babako. Huyu ninayemzungumzia ni mtu baki, aliyekabidhiwa mtoto kwa njia ya kisheria amtunze kwa muda. Mimi nasema mlezi, basi. Sheria ya Watoto ya 2022 inayatambua malezi haya, na mwaka uo huo serikali ilizindua mpango wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Ni jambo jema. Lakini familia ya nani?

Mimi ni wa jamii ya Ogiek, kutoka msitu wa Mau. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 52,000 na ushei katika nchi ya watu milioni 47. Mamangu alifariki nikiwa na miaka 10, nyanya alikuwa mgonjwa, nikapelekwa kwa familia moja mjini. Wema wao siwezi kuulipa. Hata hivyo, nyumbani humo lugha ilikuwa nyingine, na nilipoteleza nikajibu kwa yetu, watoto walicheka, si kwa ubaya. Shuleni nako nikaitwa Mdorobo. Neno hilo asili yake ni Kimaasai, nalo huwataja watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Nikaacha kuongea.

Hapa ndipo somo lilipo. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililichukua siku ya kwanza! Niliosha vyombo kabla ya kuambiwa, sikuongeza chakula, sikulia. Kila jirani aliyekuja aliambiwa, "Huyu ana adabu kweli kweli." Kumbe usiku silali, nawaza nikikosea nitarudishwa wapi. Kila Jumatatu tumbo liliniuma na zahanati haikuona ugonjwa. Darasa la sita nikashika mkia, watu wakasema ni uvivu.

Baadaye mwalimu wa ushauri nasaha alinieleza kuwa mtoto kama mimi ana misiba miwili. Mzazi akifa, watu huja kukupa pole. Lugha yako ikikufia kinywani, hakuna anayekuja. Tena tukisikia "akili" tunadhani wazimu, mtu anaogopa kusema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hao ni vijana kwa jumla, hata wenye wazazi wao.

Kuna nchi ambako jambo hili lilikuwa kubwa zaidi. Huko Marekani, uchunguzi uliofanywa kabla ya 1978 ulionyesha kuwa asilimia 25 hadi 35 ya watoto wa wenyeji wa asili walikuwa wametengwa na familia zao, wengi wakiishia kwa watu wa jamii nyingine. Mwaka wa 1978 ikatungwa sheria kuwa mtoto wao atafutiwe kwanza jamaa, kisha mtu wa kabila lake. Ilipingwa mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaiacha isimame. Sisi tuna kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Sawa, lakini nitaitumia na nani?

Kwangu mambo yaligeuka jioni moja jikoni. Mamangu mlezi aliniuliza, hivi hivi tu, "Kwenu asali mnaiitaje?" Nilijua neno, lakini halikutoka. Nililia hadi ugali ukapoa. Hakunikanya, alikaa tu. Tangu siku hiyo nililala vizuri kidogo, si mara moja, wacha tu.

Kwa hivyo wenzangu, ukiwa na mwenzako mpole kupita kiasi, usimuulize mbele ya watu wazazi wako wapi. Mwulize akiwa peke yake, au mpeleke kwa mwalimu unayemwamini. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Likizo ya Agosti iliyopita nilipelekwa kwa nyanya. Nilielewa kama nusu ya aliyosema. Akarudia polepole.