Wa 58 darasani, fundi wa feni nyumbani

*Shangazi, nina watoto wawili. Wa kike yuko darasa la tatu na hajawahi kutoka kwenye tatu bora. Kaka yake yuko la tano. Muhula uliopita alikuwa wa 58 kati ya 74. Anasoma kwa kudonoa, na daftari lake la hisabati limejaa kalamu nyekundu. Lakini mtoto huyohuyo ndiye aliyeitengeneza feni ya sebuleni ilipogoma, na magari yake ya waya watoto wa mtaa mzima wanakuja kuyaazima. Baba yao amemwandikisha tuisheni hadi saa moja usiku, na kila akikosea anaambiwa amtazame mdogo wake. Sasa kwenye kikao cha wazazi amekuja mtu na kompyuta yake, anasema kwa shilingi 60,000 atapima alama za vidole za mtoto na kutuambia ana akili ya aina gani. Mume wangu anataka tulipe. Shangazi, mwanangu ni mzito, au ana akili ya mikono?*

*Mama wa wawili, Kihonda, Morogoro*

Mwanangu, nianze na hiyo elfu sitini maana ndiyo yenye haraka: msilipe. Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, kabla hajasikia wimbo wala kushika kijiko, na hakuna utafiti wa kuaminika uliowahi kuonyesha kwamba inaeleza akili ya mtu. Biashara hii imevuma sana India, na wataalamu wa afya ya akili wa hukohuko wameshatamka kwamba haina msingi wa kisayansi. Huyo bwana akija tena, mpeni maji ya kunywa, aende zake.

Huenda amewatajia akili saba au nane. Hizo hakuzibuni yeye. Mwaka 1983 Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa kitabu akidai kwamba akili si kitu kimoja cha kupimwa kwa mtihani mmoja. Akataja ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya mwili, ya maumbo na nafasi, ya kuwaelewa watu na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye akaongeza ya kuyajua maumbile, mimea na wanyama. Walimu walimpenda sana. Wanasaikolojia wenzake wengi hawakukubali: walisema hivyo ni vipaji, na kwamba uwezo wa aina moja mara nyingi huandamana na wa aina nyingine. Ugomvi wao haujaisha na si lazima wewe uuamue. Kwako faida yake ni moja tu, kwamba unaruhusiwa kumtazama mtoto mahali pengine zaidi ya kwenye ripoti ya shule.

Kwa hiyo tulitazame hilo gari la waya. Kwa kawaida magurudumu hukatwa kwenye soli ya kandambili kuukuu, na ili yalingane lazima uzungushe kalamu kwenye kifuniko cha kopo. Usukani ni waya mrefu unaopanda hadi kifuani ili dereva aendeshe amesimama. Kazi ngumu iko mbele: usukani ukikata kulia, magurudumu yote mawili yaelekee kulia, bila kukwaruza bodi. Hakuna kitabu kinachomwonyesha. Analiona gari zima kichwani kabla hajakunja waya wa kwanza, na likikataa analifungua, anatafuta penye kosa, anaanza tena. Mtoto wa hivyo si mzito, mama. Mwambie baba yake ajaribu kutengeneza moja Jumamosi.

Sasa mvute huyo fundi kwenye hesabu kwa mlango wake mwenyewe. Akate gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 7, aliwekee alama ya chaki, aliviringishe mara moja sakafuni na kupima kwa rula. Atapata karibu sentimita 22. Akate la sentimita 14 apime tena. Siku mwalimu atakapoandika 22/7 ubaoni, kwake itakuwa kitu alichokwisha kukikanyaga. Gari lijalo alichore kwanza kwenye karatasi, na vipimo aviandike pembeni. Muulize: ukitaka liwe kubwa mara mbili, waya utahitaji kiasi gani? Usimsahihishe haraka, waya ukipungua utamsahihisha wenyewe.

Lakini swali lako lina mtego. "Akili ya mikono" ni jina tamu kuliko "mzito", na bado ni jina la kumfungia mtoto. Nimewaona wazazi wakishaambiwa "wako ni mtoto wa vitendo" wanaacha kabisa kumfundisha kusoma. Wapo pia wanaowagawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kila mmoja afundishwe kwa njia yake tu. Watafiti wa Marekani walioupitia ushahidi wa jambo hilo mwaka 2008 hawakupata uthibitisho wa kutosha kwamba mgawanyo huo unaongeza kujifunza. Najua mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, sekondari, na huenda mwanao siku moja ukamfaa. Hata huko kuna michoro ya kiufundi, kuna hesabu, kuna maelekezo ya kusoma. Fundi asiyeweza kusoma kibandiko cha mashine atakuwa wa kutumwa spana maisha yake yote.

Huko kudonoa ndiko kunakonisumbua kuliko hiyo namba 58. Fanya hivi. Chukua kitabu chake cha Kiswahili, msomee wewe habari moja kwa sauti, kisha muulize maswali. Siku nyingine mpe habari ya ugumu uleule aisome mwenyewe, umuulize vilevile. Kama ya kwanza anaijibu vizuri na ya pili anaharibu, basi kuelewa anaelewa. Shida iko kwenye kusoma. Sikiliza anakwama wapi. Je, ni kwenye silabi nzito kama mbwa, nywe na ng'o? Anachanganya b na d? Anaona herufi ya kwanza na kubahatisha zilizobaki? Ukiyaona hayo yanaendelea, mwone mwalimu wake na mtaje neno disleksia, maana wapo watoto wenye akili timamu kabisa ambao kusoma kwao kunahitaji mafunzo ya taratibu, silabi kwa silabi. Kabla ya yote mpeleke akapimwe macho. Mtoto asiyeona ubao hajui kwamba haoni. Anadhani wote wanaona hivyohivyo.

Na mume wako umweleze kwa upole aache kuwashindanisha watoto, msije mkagombana kwa sababu ya shangazi wa gazetini. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule bora wala wanafunzi bora kitaifa. Baraza limeacha, nyumbani kwenu mashindano bado ni ya kila jioni. Na anayeumia si kaka peke yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao na watoto wa darasa la tano, Marekani: waliosifiwa kuwa wana akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Binti yako anasifiwa hivyo kila siku, tena sifa yenyewe inatumika kama fimbo ya kumchapia kaka yake. Siku atakayokuwa wa kumi na mbili atajificha wapi? Akae na kaka yake, afundishwe kukunja waya. Na akosee.

Tuisheni ibaki siku mbili kwa wiki, tena kwa mwalimu atakayemfundisha kusoma, asimrundikie mitihani ya miaka iliyopita. Jioni nyingine aachiwe koleo lake, na dakika kumi na tano asome na wewe. Sehemu ya ile elfu sitini nunua rula, bikari na karatasi za kuchorea, inayobaki iwe nauli ya kwenda kupima macho. Ukitoka huko niandikie walichosema, na unieleze ile habari aliyosoma mwenyewe alikwama neno gani.