HESABU YA KAPU: PUNGUZO JUU YA PUNGUZO

Ndugu msomaji, chukua kalamu na daftari. Leo tunajifunza hesabu ya kapu la sokoni. Ulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Haya, leo utaona kazi ile inavyoweza kubakiza pesa nyumbani.

Tumfikirie mama mmoja wa Mabawa, mjini Tanga. Asubuhi anauza maandazi. Jioni anamtuma mtoto dukani: mafuta ya mia tano, sukari robo, maharage nusu kilo. Kesho yake hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi anakwenda kwa bibi, jirani yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Pesa nazipata, bibi, lakini sijui zinapita wapi!"

Hakuna mwizi nyumbani kwake. Pesa zinapita dukani, kidogo kidogo. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini haba na haba hukimaliza pia.

Bei zote katika somo hili ni za mfano tu. Ukishafahamu hesabu, weka bei za dukani kwako.

1. ULIZA BEI YA KIPIMO KIMOJA

Mama yetu ananunua mafuta ya kupima, shilingi 500 kila kipimo. Siku moja bibi alimwambia, "Chukua chupa ya lita moja. Hesabu vipimo mpaka ijae." Alihesabu vipimo 14.

14 × 500 = shilingi 7,000 kwa lita.

Dumu la lita 5 linauzwa shilingi 25,000.

25,000 ÷ 5 = shilingi 5,000 kwa lita.

Kumbe kila lita anapoteza shilingi 2,000! Kwa mwezi anatumia lita 3. Hiyo ni shilingi 6,000.

Tusimlaumu mwenye duka. Anapima kidogo kidogo, mengine yanamwagika, na yeye pia ana watoto. Lakini lazima ujue kwamba anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi. Mara nyingi ni yule mwenye pesa kidogo.

2. PUNGUZO JUU YA PUNGUZO NI NINI?

Wakulima wengi wanakumbuka vocha za pembejeo, zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2008. Mkulima alitoa vocha, akaongeza pesa, akapata mbolea au mbegu. Vocha ilipunguza bei.

Huko Marekani kuna karatasi za namna hiyo kwa vyakula na sabuni. Huitwa kuponi. Watu huzikata magazetini. Mnunuzi hodari haendi dukani na kuponi yake mara moja. Anaiweka. Anangoja mpaka duka lenyewe lishushe bei, ndipo anaitoa. Hivyo anapata mapunguzo mawili kwa kitu kimoja.

Madukani kwetu hatuna karatasi hizo. Lakini mapunguzo mawili tunayo:

La kwanza, kununua kitu wakati wa mavuno yake.

La pili, kununua kwa jumla.

Watu wengi hutumia moja tu, au hawatumii hata moja. Faida kubwa ni kuyaunganisha yote mawili.

3. TUFANYE HESABU YA MAHARAGE

Maharage mengi tunayokula Tanga hushuka kutoka milima ya Usambara. Wakati wa mavuno yanajaa sokoni, bei inashuka. Baadaye yanaadimika, bei inapanda.

Wakati wa uhaba, rejareja: shilingi 3,500 kwa kilo.
Wakati wa mavuno, rejareja: shilingi 2,800 kwa kilo.
Wakati wa mavuno, gunia la kilo 100: shilingi 240,000.

Gunia hilo, kilo moja ni ngapi? 240,000 ÷ 100 = shilingi 2,400.

Sasa tazama. Kungoja mavuno kumepunguza shilingi 700 kwa kilo. Kununua kwa jumla kumepunguza shilingi 400 nyingine. Jumla ni shilingi 1,100 kwa kila kilo.

Lakini nani wa kununua gunia zima peke yake? Hapo ndipo majirani wanapohitajika. Nyumba tano zikichanga, kila moja inapata kilo 20. Kila moja inatoa shilingi 48,000. Mkokoteni wa kubeba gunia ni shilingi 5,000. Kila nyumba inaongeza 1,000. Jumla 49,000.

Kilo 20 hizo wakati wa uhaba zingekula 20 × 3,500 = shilingi 70,000.

70,000 − 49,000 = shilingi 21,000 zimebaki nyumbani.

4. "ELFU AROBAINI NA TISA NITAZITOA WAPI?"

Mama yetu aliuliza hivyo hivyo. Ni swali la haki. Anayepata pesa ya siku hana pesa ya mkupuo. Basi asianze na gunia. Aanze na dumu la mafuta.

Dumu la shilingi 25,000 wanunue wawili, kila mmoja atoe 12,500. Mama akitia shilingi 500 katika kibubu kila siku, kwa siku 25 amefika.

Mafuta yakiwa ndani, mtoto hatumwi tena dukani. Ile pesa ya mafuta ya kila siku isiliwe, itiwe kibubuni. Itanunua mafuta mengine, na itabaki shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 200 kwa siku. Akiongeza zile 500 alizokwisha zoea, ni shilingi 700 kwa siku.

700 × siku 70 = shilingi 49,000.

Siku 70 ni wiki 10. Basi aulize wauza maharage sokoni mavuno yanafika lini, kisha arudi nyuma wiki 10. Siku hiyo ndiyo ya kuanza.

Njia hii si mpya. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walikuwa na shida kama hii. Mishahara ilikuwa midogo, na madukani vyakula vilichanganywa na takataka. Walichanga kidogo kidogo, kila mtu akafikisha pauni moja. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka lao. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa, kwa kipimo kamili. Hawakuuza kwa mkopo. Faida waligawana kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Vyama vya ushirika vya nchi nyingi vilifuata mfano wao.

Sisi pia tunalo la kukumbuka. Mwaka 1976 Serikali yetu iliendesha Operesheni Maduka, ili maduka ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Maduka mengi yalikwama. Bidhaa zilikuwa haba, na hesabu nyingi hazikuwekwa vizuri. Watu wakichanga bila kuandika, kesho watagombana. Kwa hiyo chagueni mweka hazina na mwandishi, wasiwe mtu mmoja. Kila mchango uandikwe mbele ya wote: tarehe, jina, kiasi. Anayetoa pesa asome mwenyewe kilichoandikwa. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma.

5. MAMBO YA KUANGALIA

(a) Mizani. Tazama mshale kabla kitu hakijawekwa. Usome sifuri. Mizani ya biashara inakaguliwa na Wakala wa Vipimo.

(b) Uzito wa pakiti. Pakiti mbili zinaweza kulingana kwa macho, lakini moja ina gramu 200 na nyingine 250. Soma.

(c) Tarehe. Kitu kinachouzwa kwa bei ya kutupa huenda kimekaribia kuharibika. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi.

(d) Kitu usichohitaji. Ukiambiwa "nunua mbili, ya tatu bure", jiulize: ningenunua hata moja? Kama hapana, hakuna punguzo. Umetoa pesa tu.

(e) Wadudu. Maharage yaliyobunguliwa ni hasara. Yakauke sawasawa, kisha yatie katika chombo kisichopitisha hewa, ukijaze na kukifunga barabara.

(f) Daftari la mkopo. Kama unakopa dukani, usingoje mwisho wa mwezi. Kila ukichukua kitu, soma kilichoandikwa.

6. MASWALI

Swali la 1. Mfuko wa unga wa kilo 25 ni shilingi 35,000. Rejareja kilo ni shilingi 1,600. Ukinunua mfuko utabakiza ngapi?

Swali la 2. Pakiti ya sabuni ya unga ya gramu 200 ni shilingi 1,200. Ya gramu 250 ni shilingi 1,400. Ipi ni rahisi?

Swali la 3. Mtu wa kijijini anasikia kwamba mchele mjini una nafuu ya shilingi 100 kwa kilo. Anataka kilo 10. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000. Aende?

Majibu: (1) Shilingi 5,000. (2) Ya gramu 250: kilo moja inakuwa shilingi 5,600, na ile nyingine 6,000. (3) Asiende. Atabakiza 1,000 na kulipa nauli 2,000. Lakini wakichanga watano na kumtuma mmoja, wananunua kilo 50, wanabakiza shilingi 5,000. Wakitoa nauli, zinabaki 3,000.

Usiliache somo hili gazetini. Jioni ya leo fungua daftari, andika vitu vitatu unavyonunua kila siku, na bei ya kila kimoja kwa kilo au kwa lita. Kesho mwonyeshe jirani yako. Pesa hiyo umekwisha itolea jasho mara moja. Ukiiacha ipotee, itabidi uitolee jasho mara ya pili.