Hajitambui, Lakini Je, Anaumia? Maelezo kwa Ndugu wa Mgonjwa Aliyeko ICU

Ndugu akilazwa hajitambui, familia huuliza kwanza kama atapona. Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi koridoni: je, anasikia maumivu?

Inategemea fahamu zimepoteaje. Mtu ambaye ubongo wake wote umekufa haumii. Mguu ukishtuka anapoguswa, ni uti wa mgongo unaojibu wenyewe. Ugumu uko kwa wengine: aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa, aliyepata kiharusi, mwenye malaria iliyopanda kichwani. Hapo ukimya haujibu swali.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, wakiwa Uingereza, walimpima kwa mashine ya picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 ambaye kwa macho hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Walimwambia awaze anacheza tenisi. Ubongo wake uliitikia kama wa mtu mwenye afya. Uchunguzi wa nchi kadhaa uliotolewa mwaka 2024 ulikuta hali kama hiyo kwa wagonjwa 60 kati ya 241 wasioitikia amri kwa vitendo. Kuelewa maneno si sawa na kusikia maumivu, ni kweli, lakini anayeweza la kwanza hatuna sababu ya kumnyima la pili. Tena, wale wenye fahamu kidogo sana, wanaofuata kitu kwa macho mara mojamoja, ubongo wao huyapokea maumivu karibu sawa na wetu.

Kwa hiyo kanuni ni kumhesabu mgonjwa kuwa anaumia mpaka ithibitike vinginevyo.

Mtamwona daktari akikandamiza kucha ya mgonjwa kwa kalamu. Si ukatili. Anapima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachotumika tangu 1974, chenye alama 3 hadi 15. Alama 8 kushuka chini huhesabiwa kuwa koma.

Maumivu yenyewe yana kipimo chake. Muuguzi anapomgeuza mgonjwa au kumvuta makohozi, hutazama uso kama umekunjamana, mikono kama inajikunja, misuli kama imekaza, na kama anashindana na mashine ya kupumulia. Mapigo ya moyo kwenda mbio hayatoshi peke yake. Homa nayo huyapandisha.

Hapa familia nyingi hukosea, na si familia tu: dawa ya kumlaza si lazima iwe ya kutuliza maumivu. Midazolamu humlaza mtu, lakini aliyevunjika paja bado anahitaji mofini au fentanili. Dawa ya kulegeza misuli ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana humzuia asiweze hata kukunja uso, na haiondoi maumivu wala fahamu. Haitakiwi kutolewa bila ya usingizi na ya maumivu. Mna haki ya kuuliza: "Sista, kati ya hizi, ya maumivu ni ipi?"

Nanyi mna habari ambazo hazimo kwenye faili. Kama bibi alikuwa na goti linalomsumbua usiku, au hawezi kulalia bega la kushoto, semeni siku ya kwanza, ili wanaomgeuza wajue. Mkiona amekunja uso kila anapoguswa mahali fulani, mwiteni muuguzi palepale na mwonyesheni ni wapi. Msimchue wala kumpa dawa mliyotoka nayo nyumbani.