Mbwa wa Jirani au Mbwa wa Kununua: Somo la Afya kwa Kaya za Kibiti na Delta ya Rufiji

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, mbwa huwa mlinzi kabla ya kuwa kipenzi. Mpunga unapokaribia kuiva, nguruwe pori hushuka usiku na ngedere hushuka mchana, na mkulima anayelala kwenye dungu humhitaji mbwa amwamshe. Kaya inayotaka mbwa ina njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua mtoto wa mbwa kwa jirani, au kumlea mbwa koko aliyekosa mwenyewe. Ya pili ni kuagiza mbwa wa mbegu maalumu kwa mzalishaji, mara nyingi kutoka Dar es Salaam, akapitia barabara ya Kilwa hadi Kibiti, kisha akapakiwa mashuani Nyamisati kuelekea visiwani.

Watu wengi hupima uamuzi huu kwa fedha na kwa umbo la mnyama. Somo hili linaupima kwa kigezo cha tatu ambacho ni usalama wa watu, hasa watoto, dhidi ya kichaa cha mbwa.

Kwa nini uamuzi huu ni wa afya ya jamii

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa kung'atwa, kukwaruzwa au kulambwa penye jeraha. Virusi husafiri kwa kufuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili kwa binadamu huonekana mara nyingi baada ya miezi 2 hadi 3, ingawa muda huo unaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu daima hufariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba katika kila vifo 100 vya binadamu, 99 hutokana na mbwa. Watoto walio chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa.

Jiografia ya delta huongeza hatari. Mtoto aking'atwa kisiwani, safari ya kufika kwenye chanjo hutegemea maji kujaa na kupwa, mafuta ya boti na nauli ya mzazi, naye anahitaji kurudi kwa dozi nyingine. Kwa hiyo mahali ambapo tiba iko mbali, kinga ya mbwa ndiyo ngao ya kwanza ya binadamu.

Mbwa wa kununua: faida na mipaka yake

Mzalishaji mwaminifu humwonyesha mnunuzi mama wa mtoto wa mbwa, huweka kumbukumbu za kuzaliwa, na hutoa cheti cha chanjo chenye tarehe, namba ya toleo la chanjo na sahihi ya mtaalamu wa mifugo. Hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo, bei kubwa si cheti. Mbwa wengi wanapozalishwa katika banda moja lisilo safi, magonjwa ya kuhara damu na homa za mbwa huenea upesi, na mtoto aliyeonekana mchangamfu sokoni huweza kufa wiki ya kwanza nyumbani.

Mazingira nayo hudai gharama. Bonde la Rufiji lina mbung'o, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa sana na vimelea vya nagana: hupata homa, hupungukiwa damu, na macho yao huweza kufunikwa na ukungu. Kupe nao huleta magonjwa ya damu. Mbwa wa mbegu za ugenini, wenye manyoya mazito na wasiowahi kukutana na vimelea hivi, mara nyingi huzidiwa kuliko mbwa wa asili. Baadhi ya mbegu kubwa, kama German Shepherd, hurithi pia kasoro ya maungio ya nyonga inayowalemaza mapema.

Mbwa wa kijijini: faida na hadhari yake

Mtoto wa mbwa wa jirani amezaliwa katika hali ya hewa atakayoishi. Mama yake anajulikana kwa tabia, na tukio lolote la kung'atwa na mbwa mgeni au bweha halifichiki kijijini. Historia hii haiandikwi kwenye karatasi, lakini ina thamani ya kitabibu.

Hadhari ziko tatu. Kwanza, watoto wengi wa mbwa huzaliwa wakiwa tayari na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni, na mtoto anayecheza chini huweza kuyameza. Kwa hiyo dawa ya minyoo ni ya lazima tangu wiki za mwanzo. Pili, mbwa koko mkubwa asiyejulikana asikamatwe na mtu asiye na ujuzi. Tatu, mtoto wa mbwa aliyeokotwa akiwa mnyonge, anatokwa mate, sauti imebadilika au taya limelegea, asibebwe kwa huruma. Kichaa hakiji kwa ukali peke yake. Kipo kichaa cha kimya, ambacho mnyama hupooza na kujificha, na mate yake huambukiza vilevile.

Hesabu ya kinga ya kijiji

Wataalamu hushauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote katika eneo ili mnyororo wa maambukizi ukatike. Kiwango hicho hakidumu chenyewe. Chukua mfano wa kufikirika wa kijiji chenye mbwa 100, ambamo 70 wamechanjwa. Mwaka ukipita, tuseme mbwa 40 wamekufa kwa uwiano uleule: 28 waliochanjwa na 12 wasiochanjwa. Watoto 40 wamezaliwa kujaza nafasi zao. Waliochanjwa sasa ni 42 tu, ingawa idadi ya mbwa haikubadilika.

Pengo hilo limejaa watoto wa mbwa wanaozaliwa baada ya kampeni ya chanjo. Hapo ndipo uzito wa somo ulipo. Kaya inayochukua mmoja wao, ikamchanja na kumlisha, huziba sehemu ya pengo. Kaya inayoagiza mbwa wa mbali aliyechanjwa hupata mnyama salama kwake, lakini watoto wa mbwa wa kijijini hubaki wakizurura bila kinga.

Funzo la Pemba

Kuanzia mwaka 2010, wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, Pemba ikiwemo, zilishiriki katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Pemba ilifanikiwa kukata maambukizi mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ulirudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kuwa uliingizwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zilirudiwa kwa nguvu hadi maambukizi yakakatika tena mwaka 2018.

Visiwa vya delta vinafanana na Pemba kwa jambo moja: maji huwalinda watu hadi pale mtu anapompakia mbwa kwenye chombo. Mbwa aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kwa wiki au miezi kadhaa, na chanjo anayopewa siku ya safari haimwokoi iwapo virusi vimekwisha kuingia. Kwa sababu hiyo, anayeamua kununua ahakikishe mbwa amechanjwa angalau mwezi mmoja kabla ya kusafirishwa, na aiulize ofisi ya mifugo kuhusu kibali cha kumhamisha mnyama.

Hatua kwa kaya iliyoamua

1. Muoneni mama wa mtoto wa mbwa na muulize habari zake za miezi sita iliyopita.
2. Mpelekeni kwa afisa mifugo kwa chanjo na dawa ya minyoo. Wakati wa kampeni, hata watoto wa mbwa wenye umri chini ya miezi 3 wapelekwe. Waliochanjwa wadogo warudiwe kama mtaalamu atakavyoelekeza.
3. Tunzeni cheti mahali pakavu na rudieni chanjo kwa ratiba.
4. Mhasi mbwa asiyehitajika kwa uzazi, ili watoto wa mbwa wasitupwe mikokoni na sokoni.
5. Mpeni chakula, maji na kivuli. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na imekataza ukatili. Mbwa mwenye njaa huzurura, na anayezurura hukutana na wagonjwa.

Mtu aking'atwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kuanzia siku ya kwanza, na jeraha kubwa huhitaji pia kingamwili zilizo tayari. Mbwa anayejulikana na anayeweza kufungwa salama aangaliwe kwa siku 10, lakini tiba isisubiri siku hizo ziishe.

Wakazi wengi wa delta ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na wanajua kuwa chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kanuni hiyo ya twahara haihusu tiba ya jeraha: udongo usitiwe penye kidonda. Wanajua pia kuwa mbwa wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa. Kumchanja ni sehemu ya kumfuga kwa amana.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiwango cha kinga cha kijiji hushuka hata pasipo mbwa mgeni kuingia?
2. Mbwa mwenye cheti cha chanjo ya jana anaweza kuwa hatari kwa sababu gani?
3. Katika kitongoji chako, ni watoto wangapi wa mbwa wamezaliwa tangu chanjo ya mwisho, na nani atawapeleka kuchanjwa?