Strontiamu-90 katika Mifupa ya Wanyamapori: Jinsi Inavyopimwa

Mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, tarehe 26 Aprili 1986, ulitawanya angani dutu nyingi zenye unururifu. Mbili kati yake zingali zikipimwa katika wanyama wa misituni: seziamu-137, ikaayo zaidi katika misuli, na strontiamu-90, ikaayo katika mifupa. Mwili huipokea strontiamu kana kwamba ni kalsiamu. Mnyama alaye majani yaliyochafuliwa huijenga ndani ya mifupa yake, ikadumu humo miaka mingi, jirani na uboho unaozalisha chembe za damu.

Kuipima ni kazi ya subira. Seziamu hutambulika kwa mionzi ya gama, hivyo kipande cha nyama hutosha kuwekwa mbele ya kipimo. Strontiamu-90 hutoa mionzi ya beta pekee, ambayo sehemu kubwa humezwa na mfupa wenyewe kabla ya kukifikia chombo. Kwa hiyo mfupa husafishwa nyama na mafuta, ukachomwa katika tanuri hadi kuwa majivu, majivu yakayeyushwa katika asidi, kisha strontiamu ikatengwa na kalsiamu iliyo nyingi mno kuliko yenyewe. Hapo mpimaji husubiri takriban majuma mawili. Strontiamu-90 ikibadilika huzaa itriamu-90, yenye nusumaisha ya saa 64. Mtoto akishalingana na mzazi, itriamu hutengwa na kuhesabiwa. Matokeo huandikwa kwa bekereli kwa kilo. Msomaji na aulize: kilo ya mfupa mbichi, au ya majivu? Asiyelitaja hilo hajasema kitu.

Kielelezo kizuri zaidi ni pembe za kulungu dume wa Ulaya. Swala wetu hubaki na pembe zake maisha yote. Kulungu huyo huziangusha kila mwaka, akaotesha nyingine kwa miezi michache, nazo ni mfupa mtupu. Pembe iliyotundikwa ukutani kwa mwindaji, mwaka wake ukijulikana, hutunza habari za msimu mmoja. Tangu miaka ya 1950 pembe hizo zimeonesha athari za majaribio ya mabomu ya nyuklia.

Mgonjwa mwenye saratani iliyoenea mifupani aweza kushangaa akiambiwa atadungwa strontiamu ili kutuliza maumivu. Hiyo ni strontiamu-89, ambayo nusumaisha yake ni siku 50 hivi. Ya strontiamu-90 ni karibu miaka 29. Hata hivyo nayo hupunguza chembe za damu kwa muda, ndiyo maana damu hupimwa kabla na baada ya sindano.