Dondoo muhimu: Mstaafu na wageni wake Kisangani

Rafiki anatua uwanja wa ndege wa Bangboka, nawe una mhadhara na matembezi juma hilohilo? Panga mapema.

1. Piga simu kabla ya kutoka: uwanja uko kilomita 17 hivi mashariki ya mji, na ndege huchelewa.
2. Patana bei ya teksi kabla mizigo haijapakiwa. Pikipiki waachie vijana.
3. Hakikisha asubuhi saa ya mhadhara wa Chuo Kikuu, hubadilika.
4. Matembezi ya maporomoko ya Wagenia: nendeni mapema. Elewaneni na wavuvi kabla ya picha au mtumbwi, vaeni viatu vinavyoshika (mawe huteleza kuliko mnavyodhani), na msiguse nguzo za mitego.
5. Usipike karamu kila siku: sombe na liboke ya samaki zatosha.
6. Dawa zako za presha zibebe mfukoni.